JOHANNES KEPLER: MTU ALIYEKATAA KUSEMA ASICHOKIONA

Mwaka huu mhariri ametuomba sisi wa kidato cha tatu tuandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wengi wamechagua mashujaa wa uhuru na watunzi wa mashairi. Mimi nimemchagua mtu wa nyota, na sababu nitawaambia.

Muhula wa kwanza mwalimu wetu wa fizikia alitueleza kwamba iko sayari moja inayozunguka nyota nyingine, mbali ajabu, na wataalamu wanadhani kwamba huenda imefunikwa na bahari tupu, bila hata kisiwa cha ndege kutua. Akasema kwamba haiko karibu mno na nyota yake wala mbali mno, kwa hiyo pengine uhai ungeweza kuwako. Jina lake ni Kepler-22b. Darasa zima lilinyamaza kimya, hata wale wa kiti cha nyuma. Mimi sijawahi kuiona bahari. Sisi watu wa bara maji tunayoyajua ni ya mto na ya pipa la mvua. Usiku huo nililala nikiwaza dunia nzima ya maji, mawimbi yakienda mbio bila kukutana na ufuo.

Kesho yake nikamwendea mwalimu nikamwuliza, huyo Kepler ni nani? Nilidhani ndiye aliyeiona hiyo sayari. Mwalimu akacheka, akaniambia kwamba Kepler alikufa mwaka wa 1630, na sayari hiyo ikatangazwa mwaka wa 2011. Basi maiti inaonaje sayari? Akanituma nikatafute jibu mwenyewe. Nimelitafuta, na hili ndilo nililolipata. Lakini nilipata pia jambo ambalo sikulitarajia, jambo la mamake, ambalo lilinifuata hadi nyumbani kwetu. Vuteni subira, nitalifikia.

Johannes Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji mdogo wa Weil der Stadt, kusini-magharibi mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani. Alizaliwa kabla ya siku zake kutimia, akawa mtoto dhaifu wa kuugua kila mara. Babake, Heinrich, alikuwa askari wa kukodiwa. Leo yuko nyumbani, kesho yuko vitani nchi za watu. Mwishowe aliondoka asirudi tena, Kepler akiwa bado kijana. Mamake, Katharina, alikuwa binti wa mwenye nyumba ya wageni, mwanamke mwenye ulimi mkali na aliyezijua dawa za mitishamba. Likumbukeni hilo la mitishamba.

Akiwa mtoto mdogo Kepler aliugua ndui. Hakufa, lakini ugonjwa ulimwachia mikono yenye kasoro na macho mabovu. Kitu kimoja angeweza kukiona kama viwili au vitatu. Hebu fikiria, mtu wa macho kama hayo ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa mambo ya angani! Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kwa Kepler naona methali imegeuka, maana mwenye macho mabovu ndiye aliyetufundisha kutazama.

Mambo mawili ya utotoni hakuyasahau. Mwaka wa 1577 nyota kubwa yenye mkia ilionekana Ulaya yote, na mamake akampeleka mahali pa juu ili aione. Kisha mwaka wa 1580 aliitwa nje usiku auone mwezi ukipatwa, ukawa mwekundu. Watu wengi wakati huo waliogopa mambo kama hayo. Yule mama alimshika mwanawe mkono akamwonyesha.

Shuleni hakupata raha. Mara kwa mara alitolewa darasani akafanye kazi shambani na katika nyumba ya wageni. Sisi wa shule za kutwa tunalielewa hilo, tusidanganyane. Hata hivyo kichwa chake kilikuwa chepesi kama umeme. Watawala wa Württemberg walikuwa wakiwalipia karo wavulana maskini wenye akili, kama basari yetu ya siku hizi, na hivyo ndivyo alivyofika Chuo Kikuu cha Tübingen mwaka wa 1589. Nia yake ilikuwa awe mchungaji wa kanisa la Kilutheri. Huko alifundishwa na Michael Mästlin, ambaye alimweleza wazo la Copernicus kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, wala si jua linaloizunguka dunia. Wakati huo wazo hilo lilikuwa la watu wachache sana. Kepler akalikumbatia.

Mwaka wa 1594, kabla hajamaliza masomo ya uchungaji, alitumwa Graz, katika Austria ya leo, akawe mwalimu wa hesabu. Walimu wetu msicheke: mwaka wa kwanza alipata wanafunzi wachache tu, na mwaka wa pili hakupata hata mmoja. Inasemekana alikuwa akifundisha huku mawazo yanamtoroka, anaruka kutoka jambo hili hadi lile. Lakini ilikuwa katika somo mojawapo, akichora ubaoni mwaka wa 1595, ndipo lilipomjia wazo kwamba umbali wa sayari kutoka kwa jua umepangwa kwa maumbo matano ya jiometri, moja ndani ya lingine kama sufuria za dukani. Aliandika kitabu juu ya wazo hilo mwaka wa 1596. Kitabu kilimletea sifa. Wazo lenyewe, ukweli usemwe, lilikuwa kosa. Naye alilipenda hadi uzeeni! Nimelitaja ili tusidhani kwamba mtu mkubwa hakosei.

Mwaka wa 1600 watawala wa Kikatoliki wa Graz waliwafukuza Walutheri waliokataa kubadilisha dini. Kepler alikataa. Akafungasha virago pamoja na mkewe Barbara, wakaenda Prague.

Huko Prague alikuwako Mdenmaki mmoja tajiri, Tycho Brahe. Tycho alikuwa na pua ya bandia ya madini, kwa kuwa ya kuzaliwa ilikatwa kwa upanga ujanani, katika ugomvi ambao husemekana ulitokana na hesabu. Jeuri yake ilikuwa maarufu. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa amezipima nyota na sayari usiku baada ya usiku, bila darubini, kwani darubini ilikuwa bado haijatumiwa kutazama nyota. Vipimo vyake vilikuwa sahihi kuliko vyovyote vilivyopata kuandikwa. Kepler hakuwa na macho ya kupimia, Tycho hakuwa na hesabu za Kepler. Hawakupendana. Tycho alikuwa akimgawia vipimo kidogo kidogo kama mtu anayegawa sukari wakati wa uhaba. Lakini baniani mbaya kiatu chake dawa. Tycho alipofariki Oktoba 1601, Kepler alifanywa mwanahesabu wa Kaizari Rudolf wa Pili, na vile vipimo vikawa mikononi mwake.

Sasa wasomaji, naomba mnisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo ninapompendea.

Kepler alikuwa amepewa kazi ya kueleza njia ya sayari ya Mirihi. Alijigamba kwamba angeimaliza kwa siku nane. Kumbe ingemla miaka! Tangu enzi za Wagiriki kila mtu aliamini kwamba vitu vya mbinguni huenda kwa mduara kamili, kwa kuwa mduara ndio umbo zuri kuliko yote. Kepler naye aliamini. Akakokotoa kwa mkono, bila kikokotoo, akirudia hesabu ileile mara zisizopungua 70. Mwishowe akapata mduara uliokubaliana na vipimo vya Tycho karibu vyote. Karibu. Mahali pengine Mirihi ilikuwa kando ya mahali ilipopasa kuwa, kwa dakika 8 za digrii. Digrii moja ina dakika 60, na mwezi mpevu una upana wa dakika kama 30. Kwa hiyo kosa lenyewe lilikuwa kama robo ya upana wa mwezi.

Mimi ningeliacha hivyo hivyo. Nani angejua? Ningesema kwamba labda Tycho alikosea kidogo, nikachukua sifa zangu nikaenda kulala. Kepler hakufanya hivyo. Alijua kwamba Tycho hakuwa mtu wa kukosea dakika 8. Basi akautupa mduara wake, kazi ya miaka, akaanza upya. Mdharau mwiba mguu huota tende, naye hakuudharau mwiba ule mdogo.

Alichokipata badala ya mduara ni duaradufu. Ukitaka kuiona, piga misumari miwili kwenye ubao, funga uzi baina yake ukiwa umelegea, kisha uvute uzi kwa ncha ya penseli na kuzunguka. Umbo litakalotokea ni kama mduara uliobanwa kidogo. Kepler aligundua kwamba sayari huenda kwa njia ya umbo hilo, na jua liko mahali pa msumari mmoja. Kwenye msumari wa pili hakuna kitu. Aligundua pia kwamba sayari ikiwa karibu na jua hukimbia, na ikiwa mbali huenda polepole. Hizo ni kanuni mbili za kwanza, alizozichapisha mwaka wa 1609.

Kanuni ya tatu aliipata mwaka wa 1618, na ndiyo itakayotufikisha kwenye sayari yetu ya bahari. Nitaieleza kwa mfano. Mshtarii huzunguka jua kwa miaka 11.86, na umbali wake kutoka kwa jua ni mara 5.2 ya umbali wetu. Chukua 11.86 uizidishe kwa 11.86, utapata 140.7. Kisha chukua 5.2 mara 5.2 mara 5.2, utapata 140.6. Ni kama namba moja! Jaribu Mirihi, jaribu Zohali, ni vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba ukijua sayari inachukua muda gani kuzunguka, utajua iko umbali gani, hata kama hujatia mguu huko. Nilifanya hesabu hiyo ya Mshtarii mwenyewe kwa jedwali la logarithimu, na iliponitokea nikapiga meza hadi mamangu akauliza kuna nini. Tena hizo logarithimu tunazozilalamikia darasani, Kepler ni mmoja wa watu wa kwanza Ulaya kuzitumia kwa nyota, na alizitia katika majedwali yake makubwa ya sayari aliyoyachapa mwaka wa 1627.

Aliandika mengine mengi ambayo siwezi kuyamaliza hapa. Mwaka wa 1604 alieleza jinsi jicho linavyoona na kwa nini miwani humsaidia asiyeona mbali. Mwaka wa 1611 alieleza jinsi ya kuunda darubini kwa lenzi mbili zenye tumbo, iliyo bora kuliko ile ya Galileo. Lakini mwaka huohuo wa 1611 ulimvunja moyo. Mwanawe Friedrich, wa miaka 6, alikufa kwa ndui, ugonjwa uleule uliomharibu yeye macho. Mkewe Barbara alifariki pia. Kaizari akapokonywa mamlaka. Kepler akahamia Linz, akaoa tena mwaka wa 1613, akaanza maisha upya.

Ndipo lilipokuja lile la mamake.

Mwishoni mwa mwaka wa 1615 Kepler alipata barua kutoka kwa dadake. Katika mji wa Leonberg, mwanamke mmoja aitwaye Ursula Reinbold alikuwa akidai kwamba Katharina Kepler alimpa kinywaji, na tangu siku hiyo ana maumivu yasiyokwisha. Basi, mama huyo ni mchawi. Jambo likishasemwa kila mtu hukumbuka lake. Mwalimu wa shule alisema kwamba alilemaa baada ya kunywa kwake. Msichana alisema kwamba mkono ulimwuma baada ya mama kumpita njiani. Na yale mitishamba, je? Na ule ulimi mkali? Wakati huo tayari wanawake katika mji huo walikuwa wameuawa kwa madai ya uchawi, kwa hiyo halikuwa jambo la mchezo.

Kepler mwenyewe aliamini kwamba alichangia. Alikuwa ameandika hadithi ya safari ya mwezini, akaeleza jinsi mchana na usiku ulivyo huko, na viumbe ambao wangeweza kuishi huko. Katika hadithi hiyo kijana msimulizi ana mama auzaye mitishamba na anayezungumza na pepo. Nakala ilikuwa imepita mikononi mwa watu kabla haijachapwa, na wavumi hawajui hadithi ni nini. Ilikuja kuchapwa mwaka wa 1634, yeye akiwa ameshakufa.

Kesi ilivutana kwa miaka. Agosti 1620 mama huyo, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, alikamatwa usiku nyumbani kwa bintiye. Akafungwa minyororo, akalindwa na walinzi wawili, na gharama zikatolewa katika mali yake mwenyewe. Alikaa kifungoni miezi 14. Kepler wakati huo ni mwanahesabu wa Kaizari, mtu wa vitabu, mwenye watoto wadogo na kazi chungu nzima. Angeweza kutuma barua tu akasema ana shughuli. Aliiacha Linz, akaenda kumtetea mamake.

Na alimteteaje? Hakulia wala hakutukana. Aliifanyia kesi vilevile alivyoifanyia Mirihi. Alichukua dai moja moja akaliuliza: ulikiona wapi, lini, na kabla ya hapo hali yako ilikuwaje? Yule mwalimu kumbe alilemaa baada ya kuruka mtaro. Yule msichana alikuwa amebeba matofali mazito, na mkono wa mtu aliyebeba matofali huuma bila uchawi. Ursula alikuwa na maradhi ya siku nyingi na alikwisha kunywa dawa za watu wengine. Baadhi ya mashahidi walisema waliyoyasikia, si waliyoyaona. Aliyaandika yote katika utetezi mrefu. Septemba 1621 mama alipelekwa akaonyeshwa vyombo vya mateso ili aogope akiri. Hakukiri. Oktoba akaachiliwa. Lakini watu wa Leonberg hawakutaka kumwona tena kwao, na Aprili 1622 alifariki.

Nilipofika hapo katika kusoma nilifunga kitabu.

Mimi nina nyanya. Naye anajua mitishamba. Watoto wengi wa kijiji chetu wameponywa tumbo na homa kwa majani yake, mimi mmojawapo. Mwaka juzi ndama wa jirani walikufa wawili, kisha mtoto wa jirani mwingine akaugua sana, na maneno yakaanza. Ati nyanya alionekana usiku akitembea na moto. Shuleni mtu mmoja akaniita mjukuu wa mchawi. Sikumjibu. Nitasema ukweli ambao sijamwambia mtu: muhula mzima sikwenda kwa nyanya. Nilipita njia ya mbali kwenda shuleni ili nisionekane langoni pake. Sikuamini kwamba yeye ni mchawi. Lakini sikusema kwamba siamini. Niliona haya, na niliogopa.

Baada ya kusoma habari za Kepler nilikwenda Jumamosi moja. Nyanya aliniuliza kama nimekuwa mgonjwa, nami nikasema hapana. Nilimsaidia kuteka maji. Kisha nikamwuliza juu ya ule moto. Akacheka kidogo. Alisema ulikuwa usiku ng'ombe wake alipokuwa akizaa, akatoka na taa ya mafuta kwenda zizini mara tatu. Basi! Ng'ombe yupo, ndama yupo, mwezi wa kuzaliwa unajulikana. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza.

Nilimweleza baba. Baba si mtu wa maneno mengi, lakini aliwaita wazee wakaketi na hao majirani. Mimi sikuruhusiwa kuketi nao, nilikuwa nikipeleka chai. Niliwasikia wakiulizwa mmoja mmoja, wewe uliona nini kwa macho yako? Kila mmoja alikuwa ameambiwa na mwingine. Sidai kwamba mambo yamekwisha. Mpaka leo nyanya hufunga mlango kabla jua halijazama, na kuna nyumba ambazo hazipokei tena majani yake. Lakini mimi sasa napita njia yake, asubuhi na jioni, na wenzangu wananiona.

Turudi kwa Kepler, tusimwache njiani. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya Vita vya Miaka Thelathini, na ya kuhamahama. Watawala walikuwa na deni kubwa la mishahara yake. Mwaka wa 1630 alisafiri hadi Regensburg kudai haki yake, akashikwa na homa, akafa tarehe 15 Novemba akiwa na umri wa miaka 58. Alizikwa huko, na vita vikaliharibu kaburi. Leo hakuna ajuaye hasa alikolazwa.

Lakini alikuwa ameacha jambo. Kwa hesabu zake alitabiri kwamba tarehe 7 Novemba 1631 sayari ya Zebaki ingepita mbele ya jua, ionekane kama nukta nyeusi. Siku hiyo ilipofika, Pierre Gassendi huko Paris alitazama, akaiona nukta. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kushuhudia jambo hilo. Kepler alikuwa amekufa karibu mwaka mzima.

Sasa mtaelewa kwa nini Wamarekani walipotengeneza chombo cha kutafuta sayari za nyota nyingine walikiita Kepler. Kilirushwa Machi 2009 na kilifanya kazi hadi mwaka wa 2018. Kazi yake ilikuwa kukodolea macho zaidi ya nyota 150,000 na kungoja. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hupungua kidogo, kama Zebaki mbele ya jua. Kwa njia hiyo kilipata zaidi ya sayari 2,600. Kwa Kepler-22b mwanga ulipungua kwa sehemu moja hivi kati ya 2,000. Hiyo ndogo kuliko hata zile dakika 8! Lakini hawakuidharau. Ulipungua tena baada ya siku kama 290, na tena baada ya siku zile zile. Ndipo wakajua kwamba ni sayari, na kwa kanuni ya tatu wakajua umbali wake kutoka kwa nyota yake. Kwa sababu nyota hiyo ni ndogo kidogo kuliko jua letu na joto lake ni pungufu, sayari iko mahali ambapo maji yanaweza kuwa maji, si barafu tupu wala mvuke. Walikadiria kwamba kama ina hewa ya kuhifadhi joto kama yetu, ingekuwa na wastani wa nyuzi 22. Hiyo ni hali ya hewa ya kuanikia nguo.

Na bahari je? Hapa nilirudi kwa mwalimu na swali. Upana wa sayari hiyo ni zaidi ya mara mbili ya dunia yetu. Sayari za ukubwa huo huenda zikawa na maji mengi sana, au zikawa zimefunikwa na gesi nzito. Uzito wake haujapimwa sawasawa, na bila uzito huwezi kuchagua. Iko umbali wa miaka 640 hivi ya nuru, yaani nuru tunayoipokea leo iliondoka huko kabla Kepler hajazaliwa. Picha za samawati tunazoonyeshwa zimechorwa na wasanii. Bahari yenyewe hakuna aliyeiona. Nilisikitika kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimeshaipenda. Lakini kusema kwamba ipo kwa sababu ninaipenda ni sawa na kusema kwamba nyanya ni mchawi kwa sababu ninamwogopa.

Jambo moja la kuchekesha, kisha nimalize. Kepler mwenyewe hakupenda wazo la sayari kuzunguka nyota nyingine. Galileo alipoona vitu vipya kwa darubini mwaka wa 1610, Kepler alishusha pumzi aliposikia kwamba ni miezi ya Mshtarii na si sayari za nyota za mbali. Leo maelfu ya sayari hizo zinajulikana, na nyingi zinaitwa kwa jina lake. Lakini nadhani kama angefufuliwa, akaonyeshwa vipimo, angekubali. Angeuliza kwanza vilipimwa vipi na nani.

Wenzangu, mkitoka prepu jioni mkaona nyota, mkumbukeni yule mtoto wa macho mabovu aliyeshikwa mkono na mamake. Na mkisikia mtu anaitwa mchawi, ulizeni ni nani aliyeona.

Nawatakia mtihani mwema. Kwaherini.

Wenu katika Kiswahili,
Mwanachama, Kidato cha Tatu.